Leo Nasikiliza Hii

Waya ulikuwa umelala sakafuni nyuma ya kabati, kama mkia ambao panya ameusahau nje ya shimo. Bubu aliuona alipoinama kufagia. Upande mmoja ulitoka kwenye spika. Upande wa pili ulipaswa kuingia kwenye gramafoni, lakini haukuingia popote. Fundi rangi alikuwa amelisogeza kabati, akapaka ukuta, akalirudisha, akaondoka zake.

Bubu aliinua kichwa. Juu ya kabati, santuri ilikuwa inazunguka. Kwenye kiti, mjomba wake alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa na kupiga mguu chini, akifuata muziki ambao haukuwepo.

Wimbo ulipokwisha, au mjomba alipoona umekwisha, alipiga picha jalada la santuri, akalituma kwenye kundi lao la simu, Wapenzi wa Santuri. Alichoandika alikisoma kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja wa mpira, ili na mpwa wake afaidike.

"Leo nasikiliza hii. Besi inatikisa nyumba. Rangi mpya nusura ibanduke!"

Majibu yakamiminika. Daktari wa meno alisema utamu kama huo haupatikani kwenye hizi redio za kisasa. Mwalimu mkuu alisema amesisimka mwili mzima, na yeye alikuwa kwake, mtaa mwingine kabisa. Katika kundi lile hakuna aliyewahi kusikia santuri ya mwenzake hata moja. Walisikiliza kwa macho, na hakuna aliyelalamika kwamba sauti inakwaruza.

"Mjomba, waya wa spika umechomoka," alisema Bubu, akiuangalia ufagio.

"Nini?"

"Nasema waya. Wa spika."

"Inua uso ukisema na mimi! Unanong'ona kama mtu anayeungama. Hilo jina sikukupa bure."

Kweli, hakumpa bure. Kule kwa mama yake alikuwa binti mwenye haya tu, anayeongea akiangalia vidole vya miguu. Ububu aliukuta hapa. Tangu ahamie kumsaidia mjomba kazi za nyumba, kila alilosema aliambiwa alirudie, mpaka akaamini koo lake lina kasoro. Kuandika nako hakukumsaidia. Shule aliiacha kabla herufi hazijazoeana na mkono wake.

Mjomba alikuwa amestaafu kiwanda cha nguo. Ujana wake wote aliumalizia kati ya mashine za kufuma, akiwapigia wafanyakazi kelele, na tabia ile alikuja nayo nyumbani pamoja na saa ya ukutani waliyomzawadia. Simu za kupigiwa hakupokea. "Mwenye neno aandike," alikuwa akisema. "Kupigiana simu ni kazi ya wasio na kazi."

Basi Bubu akapata jibu lake mwenyewe: mzee ni mwongo. Tena si mwongo wa kubahatisha, ni mwongo mwenye kipaji. Kila jioni alizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, kwa uangalifu wa mtu anayemimina dawa, kisha akakaa mbele ya kimya na kukisifia. "Leo nasikiliza hii. Hebu sikieni hizo tarumbeta!" Na kundi zima likazisikia.

Hadi mwalimu mkuu alipoharibu mambo.

"Picha zimetutosha," aliandika. "Jumamosi tunakuja wote kwako, tusikilize kwa masikio."

"Karibuni sana!" alijibu mjomba, bila hata kujikuna.

Bubu ndiye aliyekosa usingizi kwa niaba yake. Watu wale ndio peke yao waliomwita mjomba Bwana Mkubwa tangu astaafu kiwandani. Wakiketi hapa wakaikuta gramafoni bubu kama yeye, watamcheka mpaka mlangoni, na jioni zake zitabaki kiti na ukuta wenye rangi mpya.

Ijumaa alijaribu tena, akiwa anaosha vyombo. "Mjomba, spika haitoi kitu. Kesho utaaibika."

Mjomba alimpita kwa nyuma akiwa na glasi zake. Hakujibu hata kwa mguno.

Haya, alijisemea Bubu, kiburi nacho kipo.

Jumamosi mjomba alivaa shati la mikono mirefu, akapanga viti nusu duara, akaweka santuri kwenye gramafoni. Halafu akaenda kusimama dirishani, amekipa chumba mgongo, anachungulia barabara.

Bubu alijipenyeza nyuma ya kabati. Aliuokota ule waya, akaupuliza vumbi, akausukuma mahali pake. Mzee mwongo, sawa, lakini ni mjomba wake. Ili ahakikishe umekaa, aliishusha sindano juu ya santuri, taratibu.

Kitufe cha sauti alikisahau.

Tarumbeta zililipuka. Paka aliruka kutoka kitini na kupotelea uani. Vikombe viligongana kabatini. Jirani wa nyuma alifungua dirisha. "Jamani! Mnataka kutuua?" Mwanawe mchanga akaanza kulia. Bubu aliziba masikio kwa viganja, akasubiri matusi.

Mjomba hakugeuka. Aliweka mikono nyuma, akanyoosha shingo kuangalia kona ya barabara.

"Usiipige mpaka waketi," alisema. "Kwa sasa acha nyumba itulie hivi hivi."

Bubu alishusha mikono. Aliutazama ule mgongo, na shati lililopigwa pasi. Kisha akainua uso.

"Sijawahi kunong'ona, Mjomba," alisema.