Soya ya Mtu Aliyetengwa

Jumatano, tarehe 10 Desemba 2025. Asubuhi hiyo wingu jepesi lilitanda juu ya kijiji cha Kwa Vonza, yakaanguka manyunyu yasiyotosha hata kulaza vumbi.

Daktari Mwongeli aling'oa mche mwingine wa soya, akaukung'uta udongo, akautazama mzizi. Mtupu. Ulikuwa mwembamba na laini kama uzi, hauna hata kifundo kimoja. Majani yalikuwa ya manjano, sawa na ya mashamba yote aliyoyapita tangu Jumatatu.

"Bado hakuna?" Wayua aliuliza. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na shamba hilo lilikuwa lake.

"Hakuna, mwaitu," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Mwongeli alinyoosha mgongo polepole. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Huu ulikuwa msimu wa pili soya kukataa. Chuo kikuu kilichomtuma kilikuwa kimesema wazi: akirudi leo bila kueleza sababu, mradi utaondolewa hapa, mbegu zipelekwe Makueni, upande wa Tawa. Na Wayua alishaapa kwamba mradi ukiondoka, yeye atarudi kuchoma makaa.

"Niambie tena vile mlipanda."

"Daktari, wimbo huo nimekuimbia mpaka koo limekauka." Hata hivyo Wayua aliimba. "Tulilowesha mbegu kwa maji ya sukari. Tukatia ule unga mweusi wenye vijidudu vya kulisha mizizi. Tukachanganya kivulini, maana ulisema vijidudu hivyo havipatani na jua. Jioni, siku hiyohiyo, zikaingia udongoni. Hakuna mbegu iliyolala nje. Ama ni uongo?"

Haukuwa uongo. Wakulima wote walikuwa wamejibu hivyohivyo, karibu neno kwa neno. Udongo Mwongeli alishaupima. Mbegu zilitoka gunia moja, na unga ulitoka katoni moja.

Lakini ng'ambo ya ua wa minyaa, soya ya Mbaluka ilikuwa imefika magotini, ya kijani iliyokolea, imejaa maua.

Hilo ndilo lililomnyima Mwongeli amani. Kanisa lilikuwa limemtenga Mbaluka tangu mwaka juzi kwa kutengeneza kaluvu, pombe ya asali. Wanakikundi karibu wote walikuwa waumini wa kanisa hilo. Walilima pamoja na kupalilia pamoja, ila kwa Mbaluka hakuna aliyekanyaga. Mbegu msimu huu alipewa kwa sababu tu Mwongeli alisisitiza.

"Mbaluka!" Wayua aliita juu ya ua. "Hebu tuambie, ulitia mbolea gani ya wizi?"

Mbaluka aliinua kichwa, akacheka. "Mbolea niitoe wapi, mwenyekiti? Labda soya yangu imelewa."

"Jibu vizuri, daktari anasikia."

"Nilichanganya asubuhi, nikapanda kabla chai haijapoa. Ningengoja nini? Mtu aliyetengwa hana mwenzake wa kungoja."

Mwongeli alivuka ua, akang'oa mche mmoja. Mzizi ulikuwa umejaa vifundo kama shanga. Alikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama, ishara kwamba vijidudu viko hai na vinafanya kazi. Akautia mche huo mkobani, pamoja na ule mtupu.

"Aiya!" Wayua alisema, machozi yakimlenga. "Mimi nimefunga, nimekesha, na Mungu anabariki mtengeneza pombe. Lakini wazee wa kanisa wamemwita mchana huu. Leo ataitoa siri yake."

Mwongeli alishtuka. Alijua neno baya linavyoanza katika kijiji, na linavyoweza kumfukuza mtu kwake. Akaamua kufuatana na Wayua na Mbaluka hadi kanisani. Njiani alitembea nyuma yao, akiomba kimoyomoyo: Bwana, nimefika mwisho wa akili yangu. Usiache mtu huyu aumie kwa sababu ya soya yangu. Na kama kuna jambo sijaliona, nionyeshe.

Kanisani watu walikuwa wamejaa tayari. Mbaluka alisimama mbele, kofia mkononi, ucheshi wote umemwisha. Pasta Mathenge, mzee wa Nyeri aliyehamia Kwa Vonza zamani, aliinuka kwa kujishikilia kwenye meza.

"Mbaluka, wengine wanasema umetumia dawa ya uchawi."

"Sijatumia, pasta."

"Na kaluvu?"

"Mizinga niliuza kabla ya kupanda. Hakuna aliyekuja kwangu, kwa hivyo hakuna aliyejua."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Wayua aliinamisha uso. Pasta aliposema tena, sauti yake ilikuwa imelainika.

"Ndugu zangu, sisi tuliomba, mashamba yetu yakawa manjano. Huyu tulimfungia mlango, shamba lake likawa kijani. Mungu anatuambia nini? Anatuambia tumemtenga mtu ambaye Yeye amemkubali."

"Amina," mtu mmoja akaitikia, kisha kanisa zima.

Mbaluka alifuta macho kwa kofia. Mwongeli alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa nusu ya ombi lake.

Pasta alishuka, akamshika Mbaluka mkono, akauinua ili wote waone.

"Ndugu Mbaluka, leo umerudi nyumbani. Na mbele ya wazee hawa, na mbele ya daktari wetu, ninakuahidi: msimu ujao, tukishachanganya mbegu na kuzianika tena hapa uwanjani, tukifunga saumu na kuziombea kutwa nzima juani, zako ndizo zitakazokaa mstari wa mbele."