Umeamkaje, Mama?

Siku hizi huwezi kusomea uzamili wa uhandisi tiba bila kuingia na mgonjwa wa nyumbani kwenu, atakayetibiwa hapo hapo chuoni. Siwema alipata nafasi mbili. Chuo cha mioyo kilimtaka aingie na mama yake, mgonjwa wa moyo. Chuo cha macho, alichokitamani tangu utotoni, kilimtaka aingie na dada yake, ambaye miwani tu ingemtosha.

Mashine ya udahili, iliyoletwa nyumbani, ilianza na mama. Sharti lilikuwa moja: Siwema aulize hali kwa maneno yake, mgonjwa ajibu, basi.

Mama alikuwa jikoni, ameegemea meza, anahema.

“Shikamoo, mama. Umeamkaje?”

“Marahaba, mwanangu. Salama tu.”

Mashine ikalia. “Mgonjwa amejitangaza mzima. Nafasi ya chuo cha mioyo imefungwa.”

Siwema alijua tangu mwanzo. Kwao hata mahututi akiamkiwa husema salama kwanza, maumivu baadaye. Angeweza kuuliza tu, “Kifua kinauma?”

Mama alijikalisha polepole, mkono kifuani. “Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu umekuharibia.”

“Usijali, mama,” Siwema akasema, akimmiminia chai. “Nimeshakusamehe.”