Kuku wa Kusikia

Mwenye mwana na asikie. Kombo alikuwa na kibanda cha gemu, akang'oa kadi ya picha kwenye kompyuta yake akaiuza, eti mpya inakuja: kasi maradufu, bei chee, kwa kuwa makampuni yanagombania wateja. Bila kadi, gemu haziendi.

"Wanasema itatoka karibuni," alimwambia mama yake.

"Kina nani hao? Hawana majina?" Bi Shani alifoka. "Umeuza kuku anayetaga, unangoja mayai ya kuku wa kusikia."

"Mama, haya huyajui."

"Ninayemjua ni mteja, naye kahamia kibanda cha Mbaraka."

Mbaraka mwenyewe alikuwa mlangoni, anacheka. "Shikamoo, mama. Nimekuja kuazima benchi. Kwangu watu wamejaa, wengine wanasimama."

"Toka," Kombo alisema, akalikalia benchi na kufungua simu. "Kadi ikitoka, utafunga wewe."

"Marahaba, mwanangu. Shika huko," Bi Shani alimwambia Mbaraka, akainua ncha ya upande wake.

Kombo hakuinuka. Benchi likapanda mshazari, naye akaanza kuteleza taratibu, macho kwenye simu, akisoma bei ya kadi ambayo haijatoka.