Tundu la Bakuli

Tangu asubuhi Kibibi hakutulia. Alikaa, akasimama, akakaa tena kando ya beseni, macho yasibanduke kwenye bakuli la shaba lililoelea juu ya maji. Bakuli lilikuwa na tundu chini. Likijaa likazama, zamu ya mwenye shamba imekwisha, na mtunza maji, ambaye ndiye yeye, huamuru mfereji ufungwe.

Zamu ilikuwa ya kaka yake, Shaweji.

Bakuli likazama.

"Funga!" Kibibi akapaza sauti.

Shaweji akaja mbio, jembe mkononi. "Dada, mbona mapema? Nusu ya vitunguu vyangu havijaonja maji!"

"Nimelipanua tundu kwa msumari. Chemchemi inashuka, kaka. Tukiendelea hivi, mwakani tutamwagilia mate."

"Ukaanza na mimi, damu yako?"

"Ningeanza na nani, majirani wakanielewa?"

Shaweji akawatazama majirani waliosubiri zamu zao. Wote walikuwa wakilitazama bakuli. Akapiga magoti, akauziba mfereji kwa udongo.

Kibibi akaliopoa bakuli, akamwaga maji yake, akaliweka tena juu ya maji.

"Zamu ya nani?"

Majirani wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenziwe atangulie. Bakuli likaanza kunywa.