Marehemu Asipige Chafya

"Ukipiga chafya tu, umetumaliza," Lucius Tolliver alimwambia mdogo wake, akamsukumia jikoni kule chini na kufunga mlango.

Barnaby aliketi karibu na jiko la makaa, akajikatia pai ya nyama. Alikuwa marehemu kwa mwaka wa pili sasa, na kifo kilikuwa kimemnenepesha.

Mwanzoni hakuna aliyekusudia uongo. Lucius alitunga wimbo wa "Ngazi ya Nuru" kando ya kitanda cha Barnaby, aliyekuwa taabani kwa homa ya mapafu. Mchapishaji, mtu wa papara, akaandika kwenye jalada: "Umetungwa mtunzi akiwa ameshika mkono wa ndugu yake anayekata roho." London nzima ikalia. Kila nyumba yenye piano, binti wa nyumba aliuimba Jumapili baada ya chakula. Barnaby naye, bila haya, akapona.

Leo sebuleni alikaa Madam Honoria Plaskett mwenyewe, mjane aliyevaa nyeusi tangu kofia hadi viatu. Alipoimba nyimbo za dini, machozi yalimtiririka na watu wakazimia ukumbini. Akiuchukua wimbo huu akauimbe ukumbini, Lucius ataachana na kufundisha piano watoto wakorofi wa wauza nyama. Akigundua uongo, basi tena.

Huko juu sauti ya Lucius ilikuwa ikitetemeka. "Akanibana kidole, Madam, akasema, 'Kaka, naiona ngazi...'"

"Mwongo mkubwa," Barnaby alinung'unika, mdomo umejaa. "Mimi niliomba supu."

Hapo pilipili ya pai ikampanda puani. Chafya iliyotoka ilitikisa masufuria ukutani.

Kisha viatu vya kike vikashuka ngazi upesi, mlango ukafunguka. Madam Honoria alisimama pale, na nyuma yake Lucius, mweupe kama unga.

"Wewe nani?"

Barnaby hakuwa hodari wa kudanganya. Kazi hiyo alimwachia kaka yake.

"Marehemu," alisema.

Lucius akafumba macho. Madam Honoria alimkagua Barnaby kutoka kichwani hadi tumboni, akageuka kuhakikisha hakuna mtumishi anayesikiliza, akashusha pumzi.

"Afadhali! Kumbe nimefika kwa watu wa kueleweka," alisema. "Hebu nifungulie huo mlango wa uani, kaka. Marehemu mume wangu yuko nje ananyeshewa."