Kaa la Kuomba

Mwanamvua aliliinamia jiko la mkaa, mkono mmoja ukishika ukuta kwa sababu sakafu bado ilimyumbisha. Ilikuwa wiki ya sita tangu madaktari wamtoe uvimbe nyuma ya sikio la kushoto, na wiki zote hizo wifi yake, Siwema, ndiye aliyeishika nyumba, funguo zikimning'inia kiunoni.

“Haya, washa,” Siwema alicheka mlangoni. “Ukiwasha mwenyewe, nafunga mizigo yangu leo leo. Ukishindwa, rudi chumbani, mama, wala usinisumbue tena.”

Mwanamvua akalipuliza kaa aliloomba kwa jirani. Pumzi ikavujia upande wa kushoto wa uso, uliopooza tangu upasuaji. Mkaa haukushika.

“Umeona, wifi?”

Akauacha ukuta, akapiga magoti, akaibana pembe ya mdomo kwa vidole, akapuliza kwa hasira. Majivu yakaruka, yakamwingia jicho la kushoto, lile lisiloweza kufumba.

“Wewe! Funika jicho, utapofuka!”

Hakugeuka. Akapuliza tena, na tena, jicho lile likiwa wazi, limejaa majivu, limelikodolea kaa moja jekundu lililokuwa likififia na kuwaka, likififia na kuwaka.