Mlango Unaosahau

"Mama Robi, huyo mlinzi wako wa mlangoni anakulinda wewe au anamlinda shemeji yako?" jirani yangu Bhoke aliniuliza siku moja, akacheka. Mimi sikucheka.

Siku hizi nyumba hazina kufuli. Kila mlango una programu inayojua nani aingie na nani abaki nje. Tangu nimzike mume wangu, kila asubuhi naiagiza yangu imkatae Wambura, mdogo wake, anayetaka kunirithi. Inakubali vizuri tu. Jioni imeshasahau, namkuta sebuleni kwenye kiti cha marehemu, amevua viatu.

Leo nikamwita fundi, binti aitwaye Ghati. Alihangaika na mtambo huku mimi nikisali rozari.

"Mama, programu ni nzima. Maagizo yako yanafutwa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si mimi?"

"Ukoo wa mumeo umemsajili Wambura. Ameandikiwa nyumba, na..." Akanitazama. "Na wewe umo, mama. Kuanzia leo hata ukitaka kutoka, lazima yeye aruhusu."

Mlango ukafunguka wenyewe. "Karibu, mwenye nyumba," ukasema.

Wambura akaingia, akaanza kuvua viatu. Ghati akakusanya vifaa vyake, akainamisha kichwa, akatoka.